Ombi Dogo la Kufungiwa Mita: Barua ya Wazi kwa Kansela wa Ujerumani

Kwa Mheshimiwa sana Friedrich Merz,
Kansela wa Shirikisho la Ujerumani,
Berlin.

YAH: OMBI LA KUFUNGIWA MITA KWENYE LEZA ZA MUUNGANO WA VIINI

Mheshimiwa Kansela,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima, na kwa unyenyekevu unaomstahili mtu wa daraja langu anapobisha hodi kwa mtu wa daraja lako, naomba nikuibie dakika chache. Najua una nchi ya kuongoza, bajeti ya kusawazisha na washirika wa serikali wa kuwabembeleza. Mimi nina bisibisi na testa. Ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga, mkazi na mlipa kodi wa jimbo la Hessen. Ukikuta kosa la itifaki humu ndani, tafadhali lihesabie ufundi wangu, usiwahesabie walionilea.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkataba wa serikali yako ya mseto wa mwaka 2025 umetamka kwamba kinu cha kwanza duniani cha muungano wa viini kinapaswa kusimama Ujerumani. Ni sentensi fupi, imenyooka, haina “huenda” wala “inshallah”. Oktoba ya mwaka huohuo Baraza lako la Mawaziri likapitisha mpango wa utekelezaji wenye zaidi ya euro bilioni 2 hadi kufikia mwaka 2029. Nilisoma nikafurahi, kwa sababu katika kazi yangu nimezoea wateja wanaotaka taa iwake kabla waya haujapita ukutani, na sikujua kama hata ngazi za juu wamo.

Haraka hiyo nayo naielewa. Kabla hujaapishwa ulisema kwenye televisheni kwamba mitambo ya upepo ni teknolojia ya mpito, na kwamba huenda siku moja tukaing'oa kwa kuwa haipendezi machoni. Ni kweli, Mheshimiwa, mizuri si mizuri. Mwaka 2024 ubaya huo ulizalisha takriban theluthi moja ya umeme wa nchi hii, lakini mimi ni nani hata nishindane na jicho la Kansela?

Kilichonitia ujasiri wa kushika kalamu ni jambo jingine. Miongoni mwa wanaobisha hodi kwenye wizara zako wakiwa na michoro ya vinu, wapo wenye kauli tamu kuliko wote: muungano usiotoa nyutroni, unaowashwa kwa leza. Kwa taifa lililozima vinu vyake vitatu vya mwisho vya nyuklia tarehe 15 Aprili 2023, hakuna kauli inayoweza kupokewa kwa mikono miwili kuliko hiyo. Ndiyo maana naomba, kwa ruhusa yako, tuikague pamoja kama ninavyokagua nyumba kabla ya kuiunganisha na laini kuu.

Njia inayofuatwa na wengi inaunganisha deuteriamu na tritiamu, aina mbili nzito za hidrojeni. Zikipashwa joto la nyuzi milioni 100 na ushei, viini vyake hushikana vikatoa kiini cha heli na nyutroni moja. Sisi Watanzania tunajua kuwa kila muungano una kero zake, na kero ya huu ni hiyo nyutroni, ambayo huondoka na asilimia 80 ya nguvu yote. Haina chaji, kwa hiyo sumaku haiizuii na volti haziisimamishi. Husafiri mpaka ikutane na ukuta wa kinu, ikaanza kuzisukuma atomu za chuma kutoka mahali pake. Ikiikuta kobalti ya kawaida, ambayo vyuma vingi huwa nayo kidogo, huigeuza kuwa kobalti-60, yenye mionzi mikali ya gama inayopungua nusu kila baada ya miaka mitano na miezi kadhaa. Kinu kikizeeka, ukuta wenyewe unakuwa taka ya kulindwa.

Ujerumani haihitaji fundi wa kuifundisha habari za nyutroni. Ilikuwa Berlin, Desemba 1938, Otto Hahn na Fritz Strassmann walipoirushia urani nyutroni wakakuta imepasuka. Na hapa kwetu Hessen, pale Biblis, vinu viwili vilivyofungwa mwaka 2011 bado vinabomolewa polepole, kwa sababu chuma cha mahali kama pale hakitoki getini kabla ya kupimwa mionzi. Ni Biblis hiyohiyo ambako kampuni ya Focused Energy ya Darmstadt, ikishirikiana na RWE, inatarajia kuleta muungano wa viini kwa leza. Wenyewe wanatumia deuteriamu na tritiamu, nyutroni zikiwemo, na hawajamficha mtu. Nawapongeza kwa hilo, maana siku hizi ukweli nao unahitaji pongezi.

Sasa tumgeukie huyo mgeni asiye na kero.

Protoni, ambayo ndiyo kiini cha hidrojeni ya kawaida, ikikigonga kiini cha boroni-11 kwa nguvu inayotosha, viwili hivyo hushikana kwa kitambo kidogo mno kisha husambaratika kuwa viini vitatu vya heli, yaani chembe tatu za alfa, zikigawana nguvu ya MeV 8.7. Hesabu inafungwa bila nyutroni hata moja. Chembe za alfa zina chaji, kwa hiyo kwa nadharia mtu anaweza kuvuna umeme moja kwa moja kutoka kwenye mwendo wake, asichemshe maji wala asizungushe mtambo wa mvuke. Fundi umeme akisikia hivyo humtoka machozi.

Boroni nayo si mali ya kutafutwa kwa tochi. Uturuki imejaliwa akiba kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Masonara huunganishia dhahabu kwa boraksi, na Otto Schott wa Jena aliitia boroni kwenye kioo chake kinachostahimili moto. Asilimia 80 ya boroni ya kawaida ni boroni-11 hiyohiyo inayotakiwa. Tritiamu ni kinyume chake: inabidi itengenezwe, na kila miaka 12 hivi nusu yake inakuwa imetoweka. Wala muungano huo wa protoni na boroni si uvumbuzi wa juzi. Wanasayansi wa maabara ya Cavendish, Cambridge, waliuona tangu miaka ya 1930.

Nisamehe, Mheshimiwa, hapa nikitia nukta ndogo ambayo wasaidizi wako pengine waliiruka kwa kukuonea huruma. Kauli ya “bila nyutroni” inamaanisha “nyutroni chache”. Alfa iliyozaliwa ikiigonga boroni nyingine, inaweza kutoa nyutroni. Protoni iliyokwenda kasi kupita kiasi ikiigonga boroni, inaweza kuigeuza kaboni-11 na kutoa nyutroni pia. Kwa hesabu za wataalamu, nguvu inayobebwa na nyutroni hizo haifiki asilimia 1 ya nguvu yote. Hiyo ni sifa kubwa, na anayeidharau hajui chuma. Hata hivyo, kinu cha namna hiyo kitahitaji ukuta mnene na mtu wa kupima mionzi, na wananchi watakaoishi jirani nacho wangependa kuambiwa mapema kuliko kuambiwa baadaye.

Kero kubwa zaidi ni joto. Ukitaka kuunganisha protoni na boroni kwa kupasha moto mafuta yote, unahitaji karibu nyuzi bilioni 3, kati ya mara 20 na 30 ya zile za deuteriamu na tritiamu. Katika joto hilo elektroni hukimbia hovyo, na kila zikipita karibu na kiini cha boroni, chenye chaji tano, hupindishwa na kupoteza nguvu kwa njia ya eksirei. Mwaka 1995 Todd Rider wa MIT alipiga hesabu akaonyesha kwamba katika hali ya kawaida eksirei hizo hula takriban yote ambayo muungano unatoa, au zaidi. Hesabu mpya za mwaka 2019 kuendelea zimeilegeza hukumu hiyo kidogo, hazijaifuta.

Hapo ndipo leza inapoingia, na hapa naomba kuvua kofia bila utani wowote. Mwaka 1985 Donna Strickland na Gérard Mourou, wakiwa Rochester, Marekani, waligundua namna ya kuurefusha mpigo wa mwanga, kuukuza, halafu kuubana upya mpaka uwe mfupi na mkali kupita kiasi. Wakatunukiwa Nobeli mwaka 2018. Mpigo wa namna hiyo wa pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde, ukilengwa kwenye utando mwembamba, hupuliza elektroni zikatokea upande wa pili. Nyuma yake hubaki uga wa umeme unaofikia takriban volti milioni kwa kila mikroni, nao hufyatua protoni. Mimi huvaa glavu mbele ya volti 400. Kwa njia hii hupashi moto mafuta yote. Unazipa protoni chache kasi inayohitajika, unazirushia boroni, na zile nyuzi bilioni 3 unazikwepa kwa mlango wa nyuma. Ni ufundi wa hali ya juu.

Matokeo nayo yamekuwa yakipanda kwa namna inayoweza kumlewesha mtu yeyote, hata asiye mwanasiasa. Mwaka 2005 kikundi cha Urusi kilichoongozwa na Belyaev kilihesabu chembe za alfa kama elfu moja kwa mpigo. Mwaka 2013, kwenye maabara ya LULI iliyoko Palaiseau, Ufaransa, Christine Labaune na wenzake walitumia leza mbili, moja ya kuigeuza boroni kuwa plazima na nyingine ya kurusha protoni, wakakadiria kupata miungano milioni 80. Mwaka 2020, kwenye leza ya PALS mjini Prague, idadi ilivuka chembe bilioni 100 kwa kila kipimo kimoja cha pembe ya anga. Kuna pia majaribio ya mwaka 2022 kwenye leza ya LFEX, Osaka. Ndani ya miaka 15, kutoka elfu hadi mabilioni: angekuwa mwanafunzi, mzazi angechinja mbuzi.

Lakini Mheshimiwa amewahi kuonyeshwa namna chembe hizo zinavyohesabiwa? Si kwa mita. Mbele ya shabaha huwekwa kipande kidogo cha plastiki kiitwacho CR-39, plastiki ileile inayotengenezewa lenzi za miwani. Alfa ikikipiga huacha kovu lisiloonekana kwa macho. Baadaye kipande kinatumbukizwa kwa saa kadhaa kwenye kostiki soda ya moto, ileile ya watengeneza sabuni, mpaka kila kovu lilike na kuwa kishimo. Kisha mtu anaketi mbele ya hadubini na kuhesabu vishimo, akivitenganisha vya alfa na vya protoni kwa upana wake, kazi inayoweza kumpa ubishi na mwenzake mpaka jioni. Nawaheshimu sana watu hao. Na nakuhakikishia kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuchaji simu kwa kishimo.

Niruhusu basi nifanye hesabu ya kifundi kwa yale matokeo ya Prague. Tuwe wakarimu, tuchukulie kwamba alfa zilitoka kwa wingi uleule pande zote. Tunapata kama trilioni moja na nusu. Ukizigeuza kuwa nguvu, hazifiki jouli 1. Inatosha kuinua yai moja la kuku kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua. Mpigo wa leza ulioifanya kazi hiyo ulikuwa na jouli kama 600, na kabla ya kuwa mwanga ulikuwa umeme mwingi zaidi ya huo, kwa sababu leza za aina ile hurejesha sehemu ndogo tu ya kile zinachokula.

Kwa nini pato ni dogo hivyo? Kwa sababu protoni iliyorushwa ndani ya boroni inakutana kwanza na elektroni, nazo humnyang'anya mgeni kasi yake kabla hajafika kwa mwenye nyumba. Nyingi sana hufika zimechoka. Wapo waliotumaini kwamba alfa zitakazozaliwa zitazipiga protoni nyingine na kuzipa kasi, nazo zizae alfa nyingine, mfululizo. Marehemu tumaini sisemi, maana bado linabishaniwa. Heinrich Hora wa Chuo Kikuu cha New South Wales alilitetea kwa miaka mingi, na kampuni ya HB11 Energy ya Australia ilizaliwa kutokana na kazi zake. Wengine wamelipinga kwa hesabu. Mpaka leo hakuna mpigo ulioonyesha mfululizo wa kutosha kurudisha gharama ya umeme uliouwasha.

Hata kwenye njia rahisi ya deuteriamu na tritiamu, daftari linataka macho makini. Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Livermore, California, ilirusha megajouli 2.05 za mwanga wa leza ikapata megajouli 3.15 za muungano, na dunia nzima ikashangilia, nami nikiwemo. Ila leza zile zilivuta kama megajouli 300 kutoka gridi. Kwa lugha ya mita, uniti 83 ziliingia, na uniti moja kamili haikutoka. Tena kituo kile hupiga shabaha moja, kisha husubiri kwa saa nyingi. Kinu cha umeme kitatakiwa kupiga karibu mara 10 kila sekunde, usiku na mchana, sikukuu hata Jumapili. Protoni na boroni ziko nyuma sana ya hapo.

Ndiyo maana nasikia uchungu kidogo, wa kinyenyekevu, ninaposoma matangazo. Hatua za maabara zinapanda mbegu halali. Matangazo yanauza mavuno. Kampuni ya Marvel Fusion ya München, iliyoanzishwa mwaka 2019, ilijitambulisha kwanza kwa protoni na boroni. Mwaka 2023 ikatangaza kituo cha leza cha dola milioni 150 pamoja na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado. Sina ubaya na Colorado. Natambua kuwa kinu cha kwanza kuwa Ujerumani wakati leza ziko Marekani kunaweza kuwa diplomasia ya kina ambayo fundi hawezi kuifikia.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo, Mheshimiwa Kansela, nikiwa nimepiga magoti kwa namna ambayo mgongo wangu wa kazini unaniruhusu, naomba mambo matatu, yote ya mita.

Kwanza, kila anayepokea fedha ya umma kwa ajili ya kinu cha leza afungiwe mita pale umeme unapoingia jengoni, na pato lake litangazwe kwa uniti: ngapi zimeingia, ngapi zimetoka, na mara ngapi kwa sekunde. Asitangaze nguvu ya mwanga pekee, wala idadi ya vishimo kwenye plastiki. Mimi nikimfungia bibi wa ghorofa ya tatu soketi moja, sheria za nchi yako zinanitaka nipime na kuandika kabla ya kuondoka. Siombi mwenye bilioni atendewe vikali kuliko mimi, naomba tulingane.

Pili, atakayetumia kauli ya “bila nyutroni” aandike pembeni yake asilimia aliyoipima, na unene wa ukuta anaoukusudia. Watu wa Biblis wanajua kusoma namba.

Tatu, na hili ndilo la moyoni, protoni na boroni zilipiwe kama utafiti, kwa ukarimu na kwa miaka mingi, bila kubandikwa tarehe ya kuwasha umeme. Zinastahili. Miale ya protoni ya leza inafundisha mambo ambayo hakuna mashine nyingine iliyofundisha. Hata ile kaboni-11, ambayo kwenye kinu ni kero, hospitali huitumia kwenye picha za PET kumulika ndani ya mwili, na kwa kuwa hupungua nusu kila dakika 20, kuitengeneza karibu na mgonjwa kuna thamani yake. Mtafiti aliyeahidiwa muda atakuletea kishimo cha kweli. Mtafiti aliyeahidiwa uchaguzi ujao atakuletea tangazo, na siku litakapokwama, fedha za wenzake waliosema kweli ndizo zitakazokatwa kwanza.

Ahadi ni deni, na wewe umeiandika yako kwenye mkataba, mbele ya mashahidi milioni 80 na ushei. Sikuombi uifute. Naomba tu iwe na risiti, na wakati tukiisubiri, ile mitambo mibaya ya upepo isifunguliwe nati hata moja, maana mita zake nimezisoma mwenyewe na zinazunguka.

Ikikupendeza, nipo tayari kuja Berlin kufunga mita ya kwanza. Nauli nitajilipia, vifaa ninavyo.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu katika ujenzi wa taifa,
Fundi Umeme,
Hessen.

Nakala:
Waziri wa Utafiti, Teknolojia na Anga za Juu: kwa taarifa.
Waziri wa Fedha: kwa tahadhari.
Nyutroni zote zinazohusika: kwa heshima, tunaomba msihudhurie.